Ufa Uliolala Miaka Sita

Santa Rufina ni mji ambao kila nyumba ina randa, hata nyumba ya mjane asiyejua kushika nyundo, kwa sababu kila majira ya kuchipua milango hukataa kufunga na inabidi ipunguzwe kidogo ubavuni. Ufa unapita chini ya mji kutoka makaburini mpaka posta, unasukuma upande mmoja polepole bila kelele, na wenyeji wameuzoea kama mtu anavyomzoea shemeji anayelala sebuleni. Pale ufa unapokatiza njia ya miguu ya Mtaa wa Tano ndipo lilipo duka la donati la Bi. Sokha, na nje ya duka kuna benchi refu la mbao nyekundu. Tangu mwaka 1996 benchi hilo limekaliwa na watu wale wale. Kuna Kanali, ambaye hajawahi kugusa bunduki ila alipiga tromboni kwenye gwaride la shule akiwa na sare ya vifungo kumi na viwili. Kuna Profesa, aliyekaa chuo kikuu miezi miwili, akarudi na mkoba, kisha akauza mabomba ya kumwagilia maisha yake yote. Kuna Mama Breki, dereva wa basi la shule kwa miaka ishirini na tisa, hajagonga hata paka. Na kuna Lino Avelar, fundi mstaafu wa idara ya barabara ya mji, ambaye wenzake humwita Zege kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya uso wake.

Jumanne ya kwanza ya Oktoba, saa mbili asubuhi, watatu walikuwa wamekaa na vikombe vyao vya karatasi, na Lino alikuwa amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na shimo la mraba alilolichonga jana kwenye njia ya miguu, ndoo, mfuko wa simenti na mwiko. Bamba la shaba lilikuwa limeegemezwa kwenye mguu wa benchi, limefungwa gazeti. Manispaa ilikuwa imemwomba yeye alitie kwenye zege, kwa kuwa hakuna fundi mwingine mjini anayeaminika kwa kitu kitakachokanyagwa miaka hamsini.

— Soma tena, Kanali, alisema Mama Breki. Na safari hii usiimbe.

Kanali alifunua gazeti.

— "Hapa ufa ulilala miaka sita, 1998 hadi 2004. Uligunduliwa na Daktari Ruth Inaba. Kwa shukrani, watu wa Santa Rufina."

— Ndiyo hivyo tu?

— Ndiyo hivyo tu.

— Basi la shule halikutajwa?

— Basi la shule limeingiaje hapa, mama?

— Miaka ile sita nilikuwa naliegesha wapi? Hapo hapo, mbele ya macho yako. Kila siku ya shule saa nane mchana, tani kumi na moja, breki ya mkono juu. Ufa utasogeaje na tani kumi na moja mgongoni?

— Ufa si punda.

— Wewe umewahi kuegeshewa basi mgongoni?

— Sijawahi.

— Sasa unabisha nini?

Profesa aliweka kikombe chini. Kila akitaka kusema jambo huanza kwa kukiweka kikombe chini, na kahawa yake haijawahi kunywewa ikiwa moto.

— Tuzungumze kisayansi, alisema. Miaka ile kiwanda cha nyanya kilikuwa kinahifadhi makopo kwenye ghala lile pale. Makopo milioni mbili. Nyanya ina asidi. Asidi inashuka ardhini, inalainisha mwamba, mwamba ukilainika unanata. Ukinata, hauendi popote.

— Makopo si yalikuwa yamefungwa?

— Yamefungwa, ndiyo.

— Asidi ilitokaje?

— Hapo ndipo utafiti unapohitajika, alisema Profesa, akachukua kikombe.

— Mnapoteza muda wenu, alisema Kanali. Mimi sikutaka kusema maana watu wataona najisifu. Ile miaka nilikuwa nafanya mazoezi gereji. Kila jioni, saa nzima, noti ya chini kabisa, ile ambayo huisikii kwa sikio, unaisikia tumboni. Mke wangu alikuwa analala. Mbwa analala. Jirani alihama.

— Kwa hiyo umeubembeleza ufa.

— Sijasema nimeubembeleza. Nasema uliamka 2005, na mimi tromboni niliuza lini?

— Lini?

— Desemba 2004.

Profesa alihesabu miaka kwa vidole.

— Tarehe zinakubali, alisema Profesa kwa uchungu.

— Zinakubali na basi langu pia! Nilihamishiwa njia ya kaskazini mwaka huo huo!

— Labda vyote vitatu, alisema Profesa. Uzito juu, asidi chini, muziki katikati. Jina la kitaalamu la hali hiyo nimelisahau, lakini lipo.

— Basi bamba liandikwe upya, alisema Mama Breki. Wewe Zege, una maoni gani? Si ulikuwa idara ya barabara miaka ile? Hukuona kitu?

— Nilikuwa kazini, alisema Lino.

— Ndiyo nauliza. Kazini hukuona kitu?

— Nilikuwa kazini, Ofelia.

Akimwita Mama Breki kwa jina lake la kwenye cheti cha ubatizo, watu hujua hataki kuendelea. Waliachana naye wakarudi kwenye tromboni.

Lino alikoroga zege lililokuwa halihitaji tena kukorogwa. Alikuwa na aibu, na si aibu ya leo. Mwaka 1998 manispaa ilimwaga njia mpya ya miguu mtaa mzima, na Daktari Inaba, ambaye alishazoeleka mjini na watu walimwita Bibi Misumari, alikuja akapigilia misumari saba ya chuma kwenye zege jipya, mstari mmoja ulionyooka, minne upande wa duka na mitatu ng'ambo ya ufa, upande wa posta. Alikuwa na mistari kama hiyo sehemu ishirini kando ya ufa, na kila Oktoba aliizungukia yote na tepu yake kuona imepinda kiasi gani. Kazi yake yote ilikuwa hiyo. Lino hakuambiwa. Yeye alichoambiwa na bosi wake ni kwamba daktari mgeni anakuja kila Oktoba kukagua, na mtaa uwe safi. Sasa fundi akipewa mtaa, akakuta misumari mitatu imetoka nje ya mstari, na mgeni anakuja kesho, afanye nini? Lino alichukua uzi, tindo na nyundo, akaing'oa mitatu, akaziba matundu kwa simenti ya rangi ile ile, akaipigilia upya mahali inapostahili kuwa. Alifanya hivyo kila Oktoba, Oktoba sita, mpaka goti lilipomstaafisha. Aliifanya vizuri mno. Hata yeye mwenyewe ilibidi ainame ili aone matundu ya zamani yalikuwa wapi.

Halafu miaka kumi na miwili iliyopita Daktari Inaba alitoa mhadhara maktaba, na Lino alivaa koti akaenda kwa adabu tu. Picha ya tano ukutani ilikuwa misumari yake. Daktari alieleza kwamba mbele ya kanisa, mitaa miwili juu, ufa ulikuwa unatembea kama kawaida, lakini hapa kwa Bi. Sokha ulisimama kabisa miaka sita kisha ukaamka, na kwamba wakubwa wake walikuwa wameshaamua kuifunga kazi yake ya misumari, ila usingizi huo ndio uliomwokoa. Watu walipiga makofi. Lino naye alipiga makofi, kwa sababu mikono ya watu wote ilikuwa inapiga, na tangu siku ile hajapata usingizi wa maana kila Septemba ikiisha.

— Huyo anakuja, alisema Kanali, akakaa wima.

Daktari Inaba aliegesha gari lake jeupe mbele ya duka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, umri wa miaka sitini na tisa, kofia ya majani kichwani, na magoti ya suruali yake yalikuwa yamefubaa kwa kupiga magoti kwenye njia za miguu za watu. Nyuma yake alishuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu amebeba sanduku la vifaa.

— Hamjambo wote? Huyu ni Daktari Yesenia Barragán. Kuanzia mwaka ujao misumari ni yake, na nyinyi pia ni wake.

— Hatujambo, Daktari, alisema Mama Breki. Karibu, dada. Usimsikilize huyu wa mkoba.

— Kuna donati, alisema Profesa.

— Kwanza kazi, alisema Daktari Inaba, kama alivyosema kila Oktoba.

Alipiga magoti, akavuta uzi kutoka msumari wa kwanza hadi wa nne na kuupitiliza mpaka upande wa posta, akasoma, akasoma tena, akamwambia mwenzake asome naye. Hii ndiyo ilikuwa desturi: wakati wa kupima, hata Kanali hunyamaza.

— Kumi na moja tangu mwaka jana, alisema Daktari Barragán.

— Milimita kumi na moja, alirudia Daktari Inaba, akaandika, akakaa juu ya visigino vyake. Basi. Ya mwisho hiyo.

Alijaribu kucheka, ikashindikana. Mama Breki aliinuka akampa kikombe cha kahawa, akarudi mahali pake.

— Ijumaa natoa mhadhara wa kuaga, alisema Daktari Inaba. Nitazungumzia mtaa huu. Bwana Avelar, nimefurahi sana kwamba wewe ndiye unayeweka bamba. Nilimwambia meya, kama si yule fundi wa magoti mabaya, sitaki.

— Asante, Daktari, alisema Lino, akachungulia ndani ya ndoo.

— Na wewe, dada, aliuliza Profesa, utafanya utafiti gani hapa? Maana nina mawazo fulani kuhusu nyanya.

— Usingizi, alisema Daktari Barragán, na uso wake ukachangamka. Niliacha kazi nzuri Nevada kwa sababu ya hii miaka sita. Nataka kuchimba hapa, nataka vifaa ardhini, nataka kujua kwa nini kipande kimoja kinalala na jirani yake anatembea. Nimejipa miaka kumi. Hata nyumba nimeshanunua, ile ya kijani pale juu.

— Ile ambayo mlango haufungi? aliuliza Kanali.

— Upi kati ya milango?

Lino alikuwa ameshachota zege kwa mwiko. Alilitazama. Miaka kumi, na msichana ameshanunua nyumba mbovu kwa ajili ya miaka ile sita. Yeye mwenyewe angeweza kufa kabla ya miaka kumi kwisha, na hakuna ambaye angejua, na bamba lingekaa hapo likikanyagwa, na kila aliyekanyaga angekuwa amekanyaga uongo uliosakafiwa vizuri. Alirudisha zege ndooni.

— Haukulala, alisema.

— Nini hakikulala? aliuliza Kanali.

— Ufa. Ni mimi.

Daktari Inaba aligeuka.

— Wewe umefanya nini, Bwana Avelar?

— Niliinyoosha.

— Ulinyoosha nini?

— Misumari, Daktari. Ile mitatu. Kila Oktoba, siku moja kabla hujaja. Kuanzia tisini na tisa mpaka elfu mbili na nne. Nilikuwa naing'oa na kuirudisha kwenye mstari.

Lori la vitunguu lilipita, likakata kona, likaenda zake. Daktari Barragán alikuwa ameshika tepu ambayo haikuwa imerudi ndani, na haikurudi.

— Kwa nini? aliuliza Daktari Inaba.

— Ilikuwa imepinda.

— Imepinda.

— Ndiyo. Na wewe ulikuwa unakuja.

Daktari Inaba alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa simenti. Alivua kofia. Bila kofia alionekana mdogo zaidi, na Lino alitamani ardhi ifanye ile kazi inayosifika kwayo, ipasuke immeze, lakini ardhi ya Santa Rufina ina mwendo wake na haiharakishwi na mtu.

— Nilitaka kukwambia maktaba, alisema. Kila mwaka nilitaka. Mwaka juzi nilikuja nimeandika kwenye karatasi. Nilikuwa naogopa, Daktari. Niliona umetabasamu kwenye ile picha na misumari yangu.

— Miaka ishirini na moja, alisema Daktari Inaba. Nimebishana na watu wazima miaka ishirini na moja. Kuna bwana mmoja alisema kwenye mkutano, mbele ya watu mia nne, kwamba misumari yangu lazima ilichezewa. Nilimwambia aombe radhi.

— Aliomba?

— Aliomba! Kwa maandishi!

Hakuna aliyejua kama alikuwa anacheka. Daktari Barragán alichutama karibu naye, akamshika bega, lakini Daktari Inaba aliutoa mkono kwa upole, kama mtu anayetaka nafasi ya kufanya hesabu.

— Lino, alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Nisikilize. Kabla ya kunyoosha, ulipima?

Lino alikuwa amevumilia yote mpaka hapo, lakini hilo lilimchoma.

— Daktari! Fundi gani ananyoosha kitu kabla ya kupima kimepinda kiasi gani?

— Uliandika?

— Nilichora.

— Wapi?

Lino alinyoosha kidole. Wote walifuata kidole mpaka kikaishia chini ya Kanali.

— Chini ya benchi, alisema. Sikuwa na karatasi. Nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo, ubao uko juu ya kichwa. Nilikuwa nachora mstari wa urefu ule ule, kwa penseli ya seremala, na mwaka pembeni.

— Simameni, alisema Daktari Inaba.

— Kahawa yangu bado, alisema Kanali.

— Simama, mzee!

Walisimama. Kwa wengine ilikuwa shughuli, maana benchi lile lilikuwa limeshachukua umbo lao. Lino na Daktari Barragán walishika ncha mbili, wakaligeuza, miguu juu. Palikuwa na utando wa buibui, bazoka zilizotafunwa na kubandikwa miaka mingi, na katikati, palipo kavu ambapo mvua haikufika, palikuwa na mistari sita ya penseli, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na alama ndogo mwanzoni na mwishoni, na mwaka kwa tarakimu safi za mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao.

Daktari Barragán alitoa kipimo chake cha kubana. Alianza na mstari wa juu.

— Tisini na tisa, kumi na moja. Elfu mbili, kumi na tatu. Elfu mbili na moja, kumi. Inayofuata kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na mbili.

— Jumla?

— Sabini na mbili.

Daktari Inaba hakuhitaji kufungua daftari lake, lakini alilifungua, akashuka na kidole mpaka kwenye ukurasa wa kanisa, mitaa miwili juu, miaka ile ile.

— Sabini na tatu, alisema.

Alikaa na kidole pale pale. Machozi yalimtoka bila kelele, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la simenti, na uso ukabaki na mstari wa kijivu.

— Haukulala hata siku moja, alisema. Ulikuwa unatembea muda wote, kama pale kanisani. Usidhani sijaumia, Lino. Nimeumia sana. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote.

— Najua, Daktari. Nisamehe.

— Bado. Niulize Jumamosi. Lakini nilikuwa na tundu la miaka sita katikati ya kazi ya maisha yangu, tundu ambalo sikuwahi kulielewa, nikalipamba nikaliita usingizi. Na sasa halipo. Miaka thelathini na nne ya kupima, kila mwaka una namba yake. Hakuna mwenzangu yeyote mwenye kitu kama hiki. Ijumaa nitasimama niwaambie wote kwamba nilikosea, na nitawaonyesha kwa kiasi gani, mpaka milimita. Yesenia, huu ubao unafunguliwaje?

— Skrubu nane, alisema Lino.

— Nitauhitaji.

— Ngoja kwanza, alisema Kanali. Sisi tutakaa wapi?

— Wima, alisema Daktari Inaba.

Lino alipiga magoti tena na bisibisi, akaanza skrubu ya kwanza. Watatu wale walisimama ukutani na vikombe vyao, wakiwa hawajui mikono iwekwe wapi. Bi. Sokha alitoka mlangoni, akatazama benchi lake lililopinduliwa, akaliona bamba la shaba, akaliinua kupima uzito.

— Hili mnalitaka?

— Hapana, alisema Daktari Inaba.

Bi. Sokha aliliweka chini kuzuia mlango wake, ambao tangu Aprili ulikuwa unajifunga wenyewe. Maandishi yalitazama ndani.

Profesa alikohoa.

— Hata hivyo, nadharia ya nyanya haijakanushwa moja kwa moja.

— Wala tromboni, alisema Kanali.

— Mimi nilijua tangu mwanzo kuna mkono wa mtu, alisema Mama Breki.

Daktari Barragán alikuwa bado amechutama karibu na ubao. Aliitazama ile mistari sita, akawatazama wale watatu, akarudi kwenye mistari.

— Samahani, alisema. Mimi ni mgeni, labda sijaelewa. Miaka hiyo sita, wakati Bwana Avelar anang'oa misumari hapa kwa tindo na nyundo, nyinyi mlikuwa wapi?

— Hapa, alisema Kanali.

— Hapa wapi?

— Hapa. Kwenye benchi.

— Juu ya huu ubao.

— Mimi aliniambia niinue miguu, alisema Profesa. Kila mwaka. Ili apate kuandika.

— Na mlikuwa mnazungumzia nini?

Watatu walitazamana. Mama Breki aliangalia upande wa posta kana kwamba basi lake linakuja. Profesa alitaka kuweka kikombe chini, akakuta hakuna pa kukiweka.

— Kahawa imekwisha, alisema Bi. Sokha kutoka ndani, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Skrubu ya nane ilitoka. Daktari Barragán aliubeba ubao peke yake mpaka kwenye gari, kwa mikono miwili, akiuangalia usiguswe na chochote. Lino alibaki na shimo lake la mraba na ndoo ya zege iliyoanza kukaza. Zege halingoji mtu, na shimo kwenye njia ya miguu huvunja watu miguu, kwa hiyo alilimwaga, akalishindilia, akalilainisha kwa mwiko mpaka likalingana na pembeni. Alipomaliza aliona viatu vya Daktari Inaba karibu na mkono wake. Daktari alikuwa amemnyooshea msumari mmoja mpya wa chuma.

— Weka, alisema. Popote. Halafu usiuguse tena maisha yako yote.

Lino aliupokea. Alichagua katikati, akausukuma kwa kidole gumba kwenye zege bichi, taratibu, mpaka kichwa kikabaki nje kidogo. Aliinuka kwa goti moja, kisha la pili. Zege lilijivuta, kama linavyojivuta likianza kukaza, na msumari ukalala kidogo upande wa posta.

— Zege, alisema Mama Breki. Umepinda.

Mkono wa Lino ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

— Naona, alisema, akautia mkono mfukoni.